Nilisema Anasinzia

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa ninaijua kwa sababu nilikuwa ninaitazama simu ya mwenzangu juu ya meza, nikijiuliza kwa nini kijana wangu amechelewa. Ninasema kijana wangu maana ndivyo tulivyogawana. Sisi wanafunzi wa sekondari tunaojitolea, kila mmoja ana mtoto mmoja wa darasa la sita anayeshindwa masomo, na tunawafundisha hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, katika chumba cha nyuma cha kanisa, Jumatano na Jumamosi. Mimi nilipewa huyu wa miaka kumi na minne, ambaye amerudia darasa mara mbili.

Aliingia bila kusalimia, akabaki amesimama.

"Madame, sasa umefurahi?"

Wote wananiita Madame kwa kunicheka. Ninafundisha kwa sauti ndogo mpaka wananipigia kelele, "Madame, ongeza volume!" Lakini siku hiyo yeye hakuwa anacheka.

"Nimefanya nini?"

"Mzee amenifukuza mu mutumbwi. Anasema mutoto wa kusinzia hawezi kushika taa yake. Nani alimuambia ile maneno?"

Nikatazama meza.

"Ni we," akasema. "Nilijua ni we."

Akatoka. Sikumfuata. Ningepaswa kumfuata.

Kwetu mwezi ndio unaopanga masomo ya watoto wa wavuvi. Ukiwa mkubwa, ndagala, wale samaki wadogo, hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika ufukweni, na watoto wanalala kama watu. Siku hizo kijana wangu anajua. Hesabu za sehemu alizielewa kwa wiki moja tu, mpaka akaanza kumsahihisha mwenzake. Mwezi ukipotea, anatoka kila usiku kushika taa na kukumba maji mtumbwini, anarudi alfajiri, na darasani kichwa kinaanguka juu ya meza. Mwalimu anamwita mvivu. Si mvivu. Fungu lake la ndagala ndilo linalopikwa kwao, kwake na kwa mama yake na wadogo zake watatu.

Na mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaanza Jumatatu. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani nyumbani: Jumatatu iko katikati kabisa ya siku zisizo na mwezi. Akianguka tena, mama yake amesema basi, shule imeisha.

Ndiyo maana nilifikiri nimwombe yule mzee mwenye mtumbwi amwache alale siku nne tu, halafu amrudishe. Lakini yule mzee namwogopa. Ana sauti kubwa, na daima amezungukwa na wanaume. Kwa hiyo Jumanne nilikwenda kwa mke wake, anayeuza karibu na mama yangu sokoni, nikamnong'oneza. Ili anihurumie, nikasema mtoto amechoka, anasinzia sana. Niliona nimesema vizuri. Nilirudi nyumbani nikiimba, mimi ambaye siimbi.

Mke huyo akalifikisha kwa mumewe neno la kusinzia. Siku nne sijui kama alizifikisha. Mwenye mtumbwi akisikia mtoto wa taa anasinzia, anafikiri nini? Anaiona taa yake imeanguka majini, na mtoto ameifuata.

Alhamisi asubuhi nilivaa sare mapema, nikashuka ufukweni mitumbwi ilipokuwa inarudi. Bamama wa kuuza samaki walikuwa tayari na mabeseni. Mzee alikuwa amesimama katika maji mpaka magoti, anagombeza mtu.

"Jambo, papa."

Hakusikia. Nikarudia. Mvuvi mmoja akasema, "Mzee, kuko mutoto wa shule hapa, labda anataka umuoe." Wakacheka. Uso wangu uliwaka moto, lakini miguu haikuondoka.

"Papa, ule mutoto hasinziake mu mutumbwi. Anasinzia ku masomo, sababu usiku anakufanyia kazi. Ni mimi nilisema vibaya. Nilitaka apumzike siku ine ya mtihani, halafu arudi."

Aliacha kugombeza, akanigeukia.

"Na we ukaenda kwa bibi yangu. Mi ninakula bantu?"

"Nilikuwa ninaogopa, papa."

"Haya. Nimeshatia mwengine, siwezi kumufukuza leo. Mtihani ikiisha, akuje, nitaona."

Neno la nitaona si sawa na ndiyo. Nikaenda nalo hivyo hivyo kwao kijana.

Mama yake alikuwa mlangoni na jembe na kitunga cha kubebea mihogo. Nilimwambia yote, tangu sokoni. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mpaka mtihani iishe, tutakula hesabu?" akauliza.

Kijana alikuwa nyuma yake, amevaa kaptula ya shamba, hana daftari. Mama akasema leo wanakwenda pamoja kuchimba mihogo, peke yake hawezi kubeba ya kutosha.

"Nitaenda mimi," nikasema. "Yeye aende darasani. Kesho pia, na Jumamosi."

"Na masomo yako?"

"Mimi sina mtihani Jumatatu."

Alitazama sketi yangu ya bluu na shati jeupe, akatikisa kichwa. Kijana akasema, "Huyu? Hata kitunga ya majani hawezi kubeba." Alisema bila kunitazama. Lakini aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa sare. Akatupita, akashika njia ya shule, hakuniaga.

Mama yake akanipa jembe. Nilivua viatu, nikaviacha mlangoni, nikamfuata.