Malkia Aliyezaliwa Mdomoni mwa Orrin

Marlys Dreier wa mji wa Sheboygan alikuwa na ugomvi wa kudumu na midomo ya watu. Kazini aliongoza mabasi ya shule kwa redio, na dereva aliyemung'unya jina la mtaa alilazimishwa kulirudia mpaka litoke safi. Jumamosi alasiri ugomvi ulihamia nyumbani kwake, kwenye chumba cha chini, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Huko ndiko tulikocheza mchezo wetu wa kuigiza mezani tangu tulipokuwa sekondari. Yeye ndiye msimulizi: anabuni nchi, ngome na mazimwi. Sisi wengine kila mmoja ni shujaa. Tunasema tunafanya nini, tunarusha dadu, naye anatuambia yaliyotupata.

Shida ilikuwa maneno. Tuliyapata vitabuni, kila mtu peke yake kitandani kwake, na Kiingereza chetu hakina huruma: kinaandikwa hivi, kinatamkwa vile. Tulipokutana mezani kila mtu alikuja na matamshi yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuyaacha. Yule mnyama mwenye kichwa cha simba na kichwa cha mbuzi, Bernadine, wifi yake Marlys, alimwita "kaimera". Teddy Kosmatka, dereva wa lori la maziwa, alimwita "chimera", kama mtu anayepiga chafya. Orrin, mumewe Marlys, fundi wa matanuri asiyependa kumuudhi hata paka, alisema "shimera" kwa sauti ya chini, akitumaini hakuna atakayesikia.

"Ni kaimera," Bernadine alisema. "Neno la Kigiriki hilo."

"Wewe umewahi kuzungumza na Mgiriki gani?" Teddy akauliza.

"Yule mwenye mgahawa wa samaki."

"Yule kazaliwa hapo jirani Milwaukee, dada wee!"

"Jamani!" Marlys akapiga meza. "Mnyama anawala! Anawala sasa hivi, nanyi mnabishania jina lake!"

Ndivyo ilivyokuwa, majira nenda majira rudi. Mchawi aliyekufa akakataa kuzikwa, kwa Teddy alikuwa "lichi", kwa Bernadine "liki", naye mchawi akisubiri mlangoni na fimbo yake mpaka soseji zetu zipoe.

Februari moja Marlys alipatwa na mafua makali. Homa ilipita, sauti haikurudi. Daktari akamkataza hata kunong'ona. Tukamwambia tuahirishe, akatikisa kichwa kwa nguvu. Alikuwa ameshatunga hadithi ya malkia wa mlimani, ameihangaikia tangu majani yalipoanza kupukutika, na alitaka tuione. Akampa Orrin karatasi asome badala yake. Yeye akakaa pembeni na kikombe cha chai ya asali na kijiko.

Jina la malkia liliandikwa Caelis.

Orrin alianza vizuri. Akasoma "Selis", jinsi alivyochoma kijiji kizima kwa sababu kilimficha mwizi. Bernadine akakunja uso. Baadaye alituapia kwamba ilikuwa haradali ya soseji tu iliyomkereketa, lakini Orrin alimjua dada yake, akadhani ametamka vibaya. Basi ukurasa wa pili, ili kuleta amani, akasoma "Kailis", jinsi alivyowakusanya yatima na kuwalisha kwa mkono wake.

"Ngoja," Teddy akasema, ameacha kutafuna. "Selis anachoma vijiji, halafu huyu Kailis anawalea watoto?"

"Ni pacha," Bernadine akasema. "Wazi kabisa. Mmoja mbaya, mmoja mwema."

"Bernadine, leo umesema neno."

Hawa wawili hawakuwahi kukubaliana jambo, na siku waliyokubaliana ndiyo hiyo. Orrin akatazama karatasi, akamtazama dada yake, akaendelea kusoma bila kuwasahihisha. Marlys alikuwa anapunga mikono kama anayezuia gari. Hakuna aliyemtazama. Akaanza kugonga kikombe kwa kijiko.

"Sikilizeni!" Teddy akaruka. "Ngoma za vita za Selis! Tukimbilieni kwa Kailis!"

Marlys akanyakua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: NI MMOJA. Akaiweka karatasi mbele ya pua ya Teddy. Teddy akaisoma polepole, sauti ikamshuka.

"Ni mmoja tu atakayebaki. Jamani, huu ni unabii. Lazima tumuue Selis."

Mimi, mchezoni, wakati huo nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya Kailis na kumpa upanga wangu.

Marlys akatupa kalamu, akapanda ngazi. Orrin akamfuata. Alivyotusimulia, alimkuta jikoni anakatakata jibini kana kwamba limemkosea.

"Mke wangu, nitawaambia."

Marlys akanong'ona, daktari apende asipende: "Utawaambia nini? Kwamba umenipasulia malkia wangu vipande viwili?"

"Lakini wanampenda Kailis."

"Wanampenda nani, Orrin? Hayupo!"

Jumamosi iliyofuata sauti ilikuwa imerudi nusu, inakwaruza kama mlango wenye kutu. Hakutusalimu.

"Malkia ni mmoja. Mume wangu kasoma vibaya. Tunarudi kijijini, tunaanza upya."

"Haiwezekani," Bernadine akasema. "Tumekula kiapo kwa Kailis."

"Wifi, huwezi kula kiapo kwa kosa la matamshi!"

"Na wale yatima je?" Teddy akauliza, kwa uchungu wa kweli. "Unamwachia yule mchoma vijiji?"

"Ndiye huyo huyo aliyewalisha!" Marlys akafoka. "Aliwachomea nyumba zao, kisha akawalisha! Ndiyo hadithi yenyewe! Ndiyo niliyokuwa nikiihangaikia muda wote huu!"

Hapo ndipo tulipoelewa. Tulikuwa tumepewa mwanamke mmoja wa kutisha, sisi tukamgawa mara mbili ili tupate usingizi. Bernadine akaona haya.

"Sasa mbona hukusema?"

"Sikuwa na sauti!"

Tukarudi kijijini. Na ilikuwa vigumu, kwa sababu hakuna aliyejua kama tumpige malkia au tumwinamie. Teddy, aliyezoea kuchomoa shoka kabla ya kuuliza, alikaa na dadu mkononi bila kuirusha. Marlys aliliona hilo, na kwa kitambo uso wake ukalainika.

Kisha Orrin akauliza, kwa woga, "Lakini jina lake hasa linatamkwaje?"

"Chelis," Marlys akasema. "Kama Kilatini cha kanisani."

"Chelis?" Bernadine akaweka uma chini. "Hakuna mtu duniani anayesema Chelis."

"Kwa mara ya pili mwaka huu," Teddy akasema, "nakubaliana na Bernadine."

Marlys akafumba macho. Akarusha dadu yake bila kuitazama, akatutangazia kwamba walinzi wametukamata sote, na kwamba gerezani hakuna ruhusa ya kusema.