Taya Langu na Michembe ya Mama Mkwe

Mpini wa winchi ulinipiga pale Nyarugusu, kwenye duara letu, yaani shimo tulilokuwa tukichimba dhahabu, nikasikia taya la kushoto likivunjika. Jeraha likaoza, kipande cha mfupa kikafa, na daktari mmoja Shinyanga akakiondoa. Akachukua mfupa kidogo kwenye nyonga yangu, akauweka penye pengo, kisha akanifunga meno kwa waya. Ukishika, alisema, nitatafuna kama zamani. Usiposhika, ni uji maisha yangu yote. Uji! Mimi niliyezoea kumaliza ugali wa watu watatu!

Daktari yule alipenda kusoma. Akaniambia kwamba huko ughaibuni wataalamu wanajaribu kwa panya: wanatia jeni kwenye seli, na seli zenyewe zinajenga mfupa uliopotea. Nikaelewa kichimbaji: sisi tunaweka magogo duara lisibomoke, wao wanataka udongo uoteshe magogo yake.

"Basi nipe hiyo," nikasema kwa meno yaliyofungwa.

Akacheka. "Bado ni ya panya, kaka. Wewe vumilia na nyonga yako."

Waya zikatolewa, ila vitu vigumu vikabaki marufuku mpaka picha ya mwisho ya eksirei. Nami, kwa majivuno yangu, nilikuwa nimeshatuma salamu Kahama kwa wakwe kwamba nimepona kabisa. Basi mama mkwe akaja kunipongeza na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Kwetu Wasukuma mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Akakaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, mimi ndani, akawa anasikiliza. Nikatae chakula chake? Thubutu! Niseme nilidanganya? Aibu gani hiyo!

Mke wangu akaniokoa. Akakaa kando yangu akatafuna yeye, kwa kishindo, huku mimi nikimumunya kipande kimoja na kusema, "Asante mayu," yaani mama, "mitamu kweli!" Tulibana kicheko hadi machozi yakatutoka. Kila mama alipokuja, mchezo ukawa huo, na kila alipokuja alileta michembe.

Hatimaye picha ikaonyesha mfupa umeshika. Jamani, nilifurahi! Mama alipokuja tena, mke wangu alinyoosha mkono kuchukua kipande, nikamnyang'anya. Nikakiweka upande wa kushoto, nikauma taratibu, moyo ukinidunda. Kah! Kikapasuka. Taya likatulia mahali pake. Nikachukua kingine.

Kisha nikamsikia mama: "Leo ndiyo unatafuna wewe, baba."

Nikauliza, "Na siku zile, mayu?"

"Siku zile alikuwa mwanangu. Si nimemlea mimi? Namjua anavyotafuna." Akaongeza, "Nilikuwa naleta ili siku utakayoanza, nikusikie."