Mtu Mzima wa Miaka Kumi na Sita

Mwalimu Luhaga wa Kisesa aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, na mimi ndiye niliyemshauri akikate mwisho. Nilikuwa nauza madaftari, wino na vitabu vya shule karibu na soko la Mwanza. Najua kinachotoka na kinacholala kwenye rafu mpaka mchwa wakione.

Alikuja mwaka 1958 kwa baiskeli, mswada umefungwa kwa kitambaa cha meza. Mtu mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka kola imelika. Alitaka nimpeleke kwa wachapaji wa vitabu, maana mimi nilikuwa mteja wao wa siku nyingi. Nikausoma kwanza nyuma ya kaunta. Sichukui mzigo nisioujua.

Ilikuwa habari ya binti wa shule anayeozwa ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Anashika mimba, uchungu unamshinda, wanampakia mtumbwini Kamanga wamlete hospitali Mwanza. Sura ya mwisho anafia njiani, katikati ya ghuba, mtoto angali tumboni. Kisesa nzima ilijua huyo ni nani. Ni Tereza, binti yake Luhaga, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa bado wanalala zizini kwa baba yake.

Mhariri, Bwana Salehe, aliusifu mswada, kisha akauliza swali moja: hiki ni kitabu cha vijana wa shule au cha watu wazima? Kikiwa cha shule, ile sura ya mwisho haitapita. Wakaguzi hawatakubali mambo ya uzazi na kifo mbele ya watoto. Kikiwa cha watu wazima, ibaki ilivyo.

Luhaga aliivuta ile kola.

"Bwana Salehe, Ijumaa binti yangu alikuwa darasani, tukimwita mtoto. Jumamosi ng'ombe wakaingia, wazee wakasema sasa ni mtu mzima. Alikuwa na miaka kumi na sita siku zote mbili. Niambie wewe, kitabu chake ni cha nani?"

Salehe alivua miwani akaifuta.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Tulipotoka nje nilimweleza kwamba watu wazima wanaonunua hadithi mji huu naweza kuwataja kwa majina, na wengine huazimana nakala moja mpaka jalada linang'oka. Wanaonunua ni shule. Kama anataka wasichana wakisome, aishie pale mtumbwi unapoondoka Kamanga. Mwenye akili atajaza mwenyewe.

"Na atakayejaza vibaya?"

"Angalau atakuwa amekisoma."

"Yunus, wewe ungemuuzia samaki maji ya ziwa." Lakini hakucheka. Aliikata ile sura kwa wembe wangu, juu ya kaunta yangu, akazikunja karatasi akazitia mfuko wa shati.

Kitabu kilitoka mwaka 1960, na kilitoka kweli: Magu, Misungwi, mpaka Ukerewe. Anwani iliyoandikwa nyuma ilikuwa ya duka langu, kwa hiyo barua za wanafunzi zilikuja kwangu. Wote waliuliza mambo yale yale. Huko hospitali walimpokea vizuri? Mtoto walimpa jina gani? Wote walikuwa wamejaza, na wote walikuwa wamemfikisha. Luhaga alizichukua kila Jumamosi, akazisoma amesimama, asijibu hata moja.

Novemba ya 1961, mafundi cherehani wote mjini wakishona bendera, ikaja barua ya Suzana wa Usagara. Alimpa Mwalimu shikamoo, akasema ana miaka kumi na sita na ataolewa baada ya sherehe za Uhuru. Alikuwa akiogopa, lakini kitabu kimemtoa hofu, maana yule dada alivuka salama. Alitaka kujua tu kama alijifungua wa kike au wa kiume.

Luhaga aliisoma mara mbili. Akasema hii atakwenda kuijibu mwenyewe. Nikamshauri amwandikie baba wa binti, ndiye mwenye uamuzi.

"Mimi nilikuwa baba wa namna hiyo," alisema. "Ningeisoma, nikaikunja."

Alikwenda Usagara kwa baiskeli na zile karatasi mfukoni. Aliporudi alinisimulia bila kupandisha sauti. Ndoa ilikuwa imeharakishwa, haikungoja Uhuru. Ng'ombe walishaingia tangu juzi. Suzana alimletea maji akipiga magoti, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Hakumaliza ukurasa wa kwanza. Baba yake alikuja, akatazama mistari michache, akazichukua mkononi mwa binti taratibu tu, kama mtu amnyang'anyaye mtoto kisu.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Hayo ni mambo ya watu wazima. Huyu bado mtoto."

Akazikunja akazitia mfukoni. Luhaga alimaliza maji yake, akashukuru, akapanda baiskeli.

Nakala nyingine ya sura ile haikuwapo. Nilimwomba aiandike upya, hata Salehe nilishamwendea aichape, lakini kila Jumamosi Luhaga alisema wiki ijayo. Tulimzika Kisesa mwaka 1963.

Kitabu bado kinanunuliwa na barua bado zinakuja. Sasa nazijibu mimi. Sijui kuandika kama yeye, kwa hiyo naandika neno moja, naweka stempu: Hakufika.