Hamira Niliyoiua kwa Maji ya Moto

Mimi ndiye niliyeiua ile hamira. Kwa miaka miwili nilikana: mbele ya kaka yangu, mbele ya wakwe kutoka Kibondo, hata kwenye maombi, ambako hakuna aliyeniuliza. Leo nakiri hadharani, na nakiri kwa hasira, kwa sababu juzi binti mmoja wa hapa Kasulu kaniambia bia anayopika nyumbani imegoma kuchachuka kwa kuwa kimea cha mama yake ni kibovu. Nikatazama juu ya televisheni yake. Pakiti ya hamira ilikuwa pale, mdomo wazi, inaota joto. Mwanangu, nilitaka kupiga kelele. Uongo huo niliutunga mimi. Wewe umeupata wapi?

Nakumbuka vizuri mwaka 2013. Rafiki niliyesoma naye chuo kikuu alinitumia kutoka Arusha pakiti mbili za hamira kavu ya kupikia bia. Si ile ya maandazi. Hii ni ya bia hasa, chembechembe ndogo za rangi ya mchanga. Aliambatanisha karatasi: weka mahali pa baridi na pakavu, usifungue mpaka siku ya kutumia. Nilisoma. Nina shahada, kusoma najua. Kisha nikafungua moja ili ninuse, nikaisimamisha dirishani, juani, ili kila mgeni aulize ni kitu gani nami nipate kueleza. Nilieleza wiki tatu nzima. Wageni walipungua.

Ndipo ikaja posa ya binti mkubwa wa kaka yangu. Kwetu mazungumzo ya posa hayaanzi mpaka wakwe wamevuta bia ya chungu kwa mrija na kuridhika. Shangazi Tereza, dada wa marehemu baba, alikuja kutoka Kagerankanda na kimea chake cha ulezi ndani ya mfuko wa kitambaa. Alikuwa mjane, hakuwa na cheo chochote, lakini hakuna posa ya ukoo wetu iliyofanyika bila chungu chake. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake.

Alipika. Alipofika hatua ya kutia konzi ya mwisho ya kimea, ile ya kuchachusha, nikamzuia.

"Hiyo ipumzike, Shangazi. Leo natia hamira ya kitaalamu."

"Nionyeshe na mimi inavyotumika."

"Haya ni mambo ya maabara."

"Ehe, maabara." Akagusa chungu kwa kiganja, akakiondoa haraka. "Bado kinaunguza. Mimi hungoja mpaka mkono ukae humu bila kulalamika."

Mimi nikamwaga hamira kwenye kikombe, nikamimina maji kutoka chupa ya chai, yakitoa mvuke, nikakoroga kwa nguvu, nikatia chunguni. Nilijiona daktari.

Siku ya tatu wakwe wakafika. Mshenga wao akavuta mrija, akavuta tena, akamgeukia Shangazi.

"Mama, nani mgonjwa humu ndani?"

"Hakuna mgonjwa, baba."

"Sasa uji huu ni wa nani?"

Vijana wao walicheka. Wazee hawakucheka, walichukua kofia zao. "Tutarudi mkishapika," wakasema. Binti wa kaka alikuwa chumbani na kitenge kipya, akiwasikia wanavyoondoka.

Kaka akauliza kulikoni. Na mimi, msomi wa familia, nikajibu kabla mtu hajapumua: "Ni kimea cha Shangazi. Kilikuwa na ukungu."

Shangazi alinitazama. Akakunja mfuko wake wa kitambaa mara nne, akaondoka. Wakwe walirudi baada ya mwezi, harusi ikafungwa, lakini chungu kilipikwa na mwanamke mwingine. Tangu hapo hakuna aliyemwita Shangazi popote. Mimi niliendelea kualikwa.

Kwa hiyo usinichekee, nisikilize. Hamira kavu ni kitu hai kilicholazwa usingizi. Joto huiua, unyevu huiamsha kabla ya wakati wake. Iache imefungwa, kwenye friji kama umeme wenu hauna wazimu, la sivyo kwenye kopo linalobana, sakafuni, upande usiopata jua. Soma tarehe. Ukishafungua, kunja pakiti hewa itoke, ibane, uitumie upesi. Maji ya kuiamshia yachemshwe, kisha yapoe hadi uvuguvugu wa kuogeshea mtoto mchanga. Nyunyiza juu, subiri robo saa, ndipo ukoroge taratibu. Na chungu nacho kipoe. Bia ikigoma, jiulize wewe kwanza. Kimea cha mama yako kiache. Aliyekuzidi kwa mkono, muulize, hata kama huna mahali pa kuandika jibu lake.

Mungu akupe bia inayochachuka, mwanangu, na akunyime ulimi kama niliokuwa nao.

Mwezi uliopita mdogo wa yule binti wa kaka naye alichumbiwa. Nikamweleza kaka ukweli, mbele ya wote niliowadanganya walioweza kupatikana. Akasema, "Ungekuwa mdogo ningekuchapa." Kisha nikaenda Kagerankanda, nikamwomba Shangazi msamaha, nikamwomba apike. Alinipa chai, hakunipa jibu. Wiki ikapita. Jana simu ikalia.

"Ile pakiti ya pili unayo?"

"Ninayo, Shangazi. Haijafunguliwa."

"Iko wapi?"

"Kwenye kopo, sakafuni, nyuma ya mtungi wa maji."

"Tarehe yake?"

"Bado miezi mitatu."

Nikasikia kuku wake wakilalamika uani.

"Njoo nayo Jumamosi unionyeshe," akasema. "Lakini mkono chunguni nitatia mimi."