Anayemeza Mzima Mzima

Asubuhi hii nimefungua kipande cha sabuni ya mwani, na harufu yake ya chumvi ikanirudisha utotoni Jambiani, uani kwa shangazi.

Kaka yangu alikuwa amenionyesha kitabuni picha ya terosauri, mjusi wa kale mwenye mbawa, mrefu kama twiga. Mbawa hazikunitisha. Kilichonitisha ni maneno ya kaka: "Hatafuni huyu. Anakumeza mzima mzima." Nikamuuliza kama wamekwisha wote duniani. Akasema, "Labda."

Kesho yake shangazi akanituma uani nianue mwani, maana mvua ilikuwa inakuja. Nikamkuta korongo amesimama juu ya mwani, mdomo kama panga, ananitazama kwa jicho moja. Nikarudi ndani mbio.

"Una nini, mwanangu?"

"Mjusi, shangazi! Ana mbawa! Kaka kasema anameza watoto!"

"Mimi nshakuwa mtu mzima," akasema, akajifunga kibwebwe na kutoka na ufagio.

Korongo akakunjua mbawa. Sikujua kwamba shangazi, kwa unene ule, angeweza kukimbia vile. Ndara zake zilibaki nje. Akatia komeo, tukakaa nyuma ya mlango tunahema, mvua ikipiga bati.

"Kaka yako kasema mrefu kama nini?"

"Twiga."

Akafikiri kidogo. "Na watu wazima, kasema hawamezi?"

"Hakusema."

Shangazi akaburura gunia la unga, akaliegemeza mlangoni.

"Mwani tutauanika tena kesho," akaninong'oneza.