Muhogo wa Siku Tatu

Mama yangu Marcelline alikuwa akilowesha muhogo muchungu siku tatu katika kijito chetu karibu na Salamabila, ili sumu itoke, kama alivyofanya mama yake. Mwaka 1954 kampani ya dhahabu ikafunga kijito kwa ukuta wa bwawa, ili umeme usikatike tena mugodini na hospitalini. Maji yaliyobaki hayakufunika muhogo vizuri, lakini mama akashika siku zake tatu. Sumu haikutoka. Tukaula hivyo hivyo, na miguu ya dada yangu mudogo Apolline ikakakamaa.

Sisemi umeme ni mubaya. Taa ya hospitali ile iliniokoa nilipopasuliwa kuzaa. Anayeitukana mbele yangu tutagombana.

Lakini chini ya taa hiyo hiyo daktari alimwambia mama kwamba Apolline hatatembea tena. Mama akamuomba aizime kidogo, mutoto asimuone akilia.