Bata na Mashine ya Kusaka Pete

Dada yangu mkubwa watu wanamwita Bata, na siku hizi ukimwita kwa jina lake hageuki. Kazi yake ni kusugua matumbo ya boti ziwani. Anavuta pumzi, anazama na brashi yake, na wewe uliyebaki juu ndiye unayeishiwa na hewa. Mtu akidondosha funguo majini, anaitwa Bata. Atapapasa tope taratibu kama anayechambua mchele gizani, na mara nyingi hutoka nazo.

Pete ya mama ndiyo iliyomshinda. Mama alikuwa ametoka kuugua, amekonda, akaenda kunawa kwenye ngazi za mawe pale ziwani, na pete ya ndoa ikamponyoka kidoleni. Baba hatunaye tena. Bata alipapasa kutwa nzima, akaibuka na vizibo vya chupa na kijiko. Kisha tukasikia kwamba Jumatatu malori yangemwaga kifusi pale pale, ijengwe gati. Na hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Twende mjini," Bata akaniambia. "Leo nanunua mashine ya kusaka vyuma, kwa zile pesa nilizowekea friji. Friji itasubiri."

Nilitoka karakana ninapochomelea mageti, nikamfuata nilivyo. Yeye alibeba ndoo yenye tope la ziwani, ndani yake amefukia pete yake ya shaba.

"Ndoo ya nini, dada?" akauliza mwenye duka la vifaa vya uzamiaji.

"Mashine nazijaribu kwa tope langu."

Mwenye duka akapanga mashine tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, lakini Bata aliposikia bei yake aliirudisha kama aliyegusa pasi ya moto. Ya pili ilikuwa fimbo ndefu yenye kisahani chini na kiboksi juu, bei ya kuzungumzika. Akatumbukiza kisahani kwenye tope. Mashine ikapiga kelele!

"Unaona!" Bata akaruka. Akaitoa pete, akajaribu tena. Kelele zile zile. Akachota tope lote, akaliweka kando, akajaribu. Kelele.

Mwenye duka alikuwa amejishika mbavu. "Dada, hiyo inaimba ndoo yako."

Ndoo ya bati! Tulicheka mpaka Bata akakaa chini. Tukaletewa beseni la plastiki, tukalimimina humo lile tope, tukaliweka sakafuni. Mashine ikalia tena. Sasa wote wakanigeukia mimi.

"Kaka, umevaa nini miguuni?"

Buti zangu za kazi zina chuma mbele. Nikazivua mbele ya wateja, na soksi yangu ya kushoto ilikuwa na dirisha.

"Imegundua dole gumba," akasema Bata, na duka zima likaangua kicheko. Nilitamani sakafu inimeze.

Kisha akawa makini. "Hiki kiboksi cha juu kinaweza kulowa?"

"Hapana. Kisahani tu. Wewe utasimama kwenye maji ya magotini."

"Mimi nazama mzima mzima. Ile ya tatu je?"

Ya tatu ilikuwa fupi, nene kama tochi, imezibwa kote, na bei yake ndogo kuliko zote. "Hii inazama," akasema mwenye duka, "ila haifiki mbali. Lazima uikaribie pete kabisa."

"Nayo ikilia huko chini nitaisikia?"

"Inatetemeka pia."

Bata akaifukia tena pete yake ya shaba, akafumba macho, akaipitisha mashine kwenye tope polepole. Ghafla akapiga yowe. "Inanitekenya! Nataka hii. Mbali nitaipeleka mwenyewe."

Jumapili asubuhi mama alikaa kwenye ngazi amejifunika shuka, mimi nimesimama peku majini. Kila Bata alichopata alinirushia, asije akakipata tena: kizibo, msumari, kijiko kingine.

"Seti imetimia," nikasema.

"Pumzika, mwanangu," mama akamwambia.

"Bado, mama. Chini ya ngazi ile ya mwisho sijafika."

Akazama. Mapovu yakaja, yakakoma. Mama alinishika suruali bila kujua. Nilikuwa nimeshaanza kuvua shati nimfuate, mara mkono ukatoka majini kabla ya kichwa, umefumba ngumi. Bata akaibuka akitema maji, akaifungua mbele ya mama.

Mama aliisugua pete kwa shuka, akaivaa, ikacheza kidoleni. Nikachomoa kamba ya buti langu nililoliacha ngazini, mama akaitundika pete, akaifunga shingoni, akaifunika kwa kiganja.

"Dada, toka sasa," nikamwambia.

"Ngojeni kwanza," akasema mama, akiangalia maji. "Kuna hereni yangu moja ilianguka hapa, Bata, ukiwa bado unanyonya..."

Bata alikuwa ameshaanza kuvuta pumzi.